Beringi za magurudumu ya pikipiki: maswali ninayoulizwa kila siku Kigoma

Asubuhi naendesha bodaboda, jioni nafungua magurudumu ya wenzangu uani kwangu, Gungu. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika mara moja nipumzishe mdomo. Yanahusu pikipiki zilizojaa vijiweni kwetu: Boxer, TVS, Haojue, Sanlg na ndugu zao wa cc 100 hadi 150. Beringi ni pete mbili za chuma, ya ndani na ya nje, zenye gololi katikati ili gurudumu lizunguke laini. Msimamo wangu nautanguliza: beringi chache sana hufa kwa uzee. Nyingi tunaziua sisi wenyewe, kwa maji na kwa nyundo.

Beringi za magurudumu ziko ngapi, na zimekaa wapi?

Gurudumu la mbele lina mbili, moja kila upande wa habu, yaani kitovu cha gurudumu. La nyuma nalo lina mbili ndani ya habu. Lakini kuna pikipiki ambazo sproketi yake (gurudumu la meno linalovutwa na cheni) imefungwa kwenye sahani inayojitegemea, ile inayokalia raba za kupunguza mshtuko, na sahani hiyo mara nyingi huwa na beringi yake ya tatu. Ndiyo maana mtu anabadilisha mbili za nyuma, kelele inabaki pale pale, anakwenda kugombana na muuza duka.

Katikati ya beringi mbili za habu kuna bomba fupi la chuma. Mafundi wanaliita spesa. Jina hilo lishike, litarudi.

Nitajuaje kwamba beringi imeanza kuchoka?

Sauti hutangulia. Ni mngurumo mzito unaopanda na kushuka kwa kufuata mwendo wa gurudumu, si mwendo wa injini. Ukiwa kwenye mteremko salama, punguza gesi, kamata klachi: injini ikitulia na mngurumo ukabaki, tafuta chini, kwenye magurudumu. Tairi yenye vipara vya kudunda nayo hunguruma, na cheni kavu pia, kwa hiyo usikimbilie dukani kwa sauti peke yake.

Dalili ya pili ni habu kupata moto bila sababu. Endesha kilometa kadhaa ukigusa breki kwa uchache, kisha simama na uguse habu kwa nyuma ya vidole, taratibu. Vuguvugu si neno. Ikikufanya uondoe mkono haraka, kuna kitu kinasuguana: ama breki shuu imebana, ama beringi imekauka.

Nyingine huja zikiwa zimechelewa. Nyuma inayumba ukiwa na abiria kana kwamba tairi ina upepo mdogo. Breki leo inashika, kesho haishiki, kwa sababu dramu haizunguki tena katikati yake. Sproketi inaliwa upande mmoja. Unga mwekundu wa kutu unatokeza kwenye sili, ile pete ya raba inayofunika beringi. Ukifika hapo usijiulize kama ni beringi. Jiulize kama habu imepona.

Kwa masikio ya karibu zaidi, piga dabo stendi, legeza cheni au itoe kabisa, kisha weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kichwa cha ekseli (fimbo ya chuma inayopita katikati ya gurudumu) na mpini wake sikioni. Zungusha gurudumu kwa mkono. Beringi nzima husikika kama pumzi. Mbovu husikika kama mchanga ndani ya kopo.

Gurudumu linacheza nikilitikisa. Ni beringi kweli?

Huenda siyo, na hapa pesa nyingi hupotea bure. Shika tairi juu na chini, sukuma mkono mmoja huku ukivuta mwingine. (Vitabu husema saa 12 na saa 6, kwa saa zetu ni saa 6 na saa 12, tairi ni ile ile.) Ukisikia "kak, kak", mwite mtu mwingine atikise wewe uangalie.

Mbele, weka kidole mahali ambapo mguu wa shokapu unakutana na ekseli. Habu ikisogea huku shokapu imetulia, ni beringi, au nati ya ekseli imelegea. Shokapu nayo ikienda na kurudi pamoja na gurudumu, tatizo liko juu, kwenye gololi za shingo ya usukani. Nyuma ni hivyo hivyo: gurudumu likicheza ndani ya mkono wa nyuma, ni beringi; mkono wenyewe ukicheza kwenye fremu, ni bushi zake. Kijana mmoja kutoka Katubuka alishabadilishiwa beringi za nyuma mara mbili ndipo akaniletea. Bushi za mkono zilikuwa zimebaki karatasi.

Kabla ya yote, kaza nati ya ekseli. Nimeshawahi "kutengeneza" pikipiki kwa robo mzunguko wa spana.

Kazi hii naweza kuifanya nyumbani, au mpaka gereji?

Unaweza, kama una mahali pakavu pasipo na vumbi la kupeperuka na una jioni nzima ya kutumia. Unahitaji spana za nati ya ekseli (pikipiki nyingi ndogo hutaka 17, 19 au zaidi kidogo, jaribu yako kabla hujaanza), koleo, bisibisi bapa, nyundo ya wastani, na kipande cha nondo laini chenye urefu wa sentimita 30 hivi, unene usiozidi tundu la ekseli. Ongeza vipande viwili vya mbao vya kukalishia gurudumu, mafuta ya taa, matambara yasiyotoa nyuzi, na grisi mpya iliyofunikwa. Siyo ile ya kopo lililokaa wazi chini ya mwembe tangu masika.

Vaa miwani, hata ya jua. Chuma cha beringi ni kigumu mno, na kigumu kikipigwa hurusha vipande. Na vumbi jeusi la dramu usilipulize kwa mdomo: lifute kwa tambara bichi. Breki shuu za zamani, na baadhi ya za bei rahisi, zina asbesto.

Gurudumu la nyuma linatokaje bila kupoteza vipande?

Piga picha kwa simu kabla ya kugusa kitu, kila upande. Halafu legeza fimbo ya breki, chomoa kotapini (pini ya kuzuia nati isilegee) kama ipo, fungua nati ya ekseli, na uvute ekseli huku mkono mwingine umebeba uzito wa gurudumu. Zile bushi fupi za pembeni zitaanguka. Zina upande wake na nafasi yake: ya kushoto ikikaa kulia, gurudumu halitakaa katikati na cheni itakuwa inakata sproketi. Mimi huzipanga kwenye waya kwa mpangilio ule ule zilivyotoka, kama samaki kwenye mtungo.

Mbele ni rahisi zaidi, ila kumbuka waya wa kilometa. Gia yake ndogo ina meno mawili yanayoingia kwenye mikato ya habu, na ukifunga yakiwa yamekaa pembeni utayapinda.

Beringi ya zamani inatolewaje?

Toa sili kwanza kwa kuidukua na bisibisi, ukiweka tambara chini yake usikwaruze habu. Sili hiyo usiirudishe, mpya ni ya bei ndogo. Angalia kama kuna siklipu, pete nyembamba ya chuma inayozuia beringi isitoke. Kusahau siklipu kisha kupiga nyundo kwa hasira ni njia nzuri ya kupasua habu.

Laza gurudumu juu ya mbao, habu ikining'inia. Ingiza nondo kupitia tundu la upande wa juu, isukume spesa kando kidogo mpaka uone au uhisi ukingo wa pete ya ndani ya beringi ya chini. Gonga hapo, kisha hamisha, gonga upande wa pili, hamisha tena. Ukipiga sehemu moja tu, beringi itakaa upande na kukwama. Ikitoka, spesa inatoka nayo. Geuza gurudumu, ya pili ni rahisi.

Ikigoma, mwagia habu maji ya moto sana. Habu ni aluminiamu, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo tundu hulegea. Moto wa gesi au mkaa usiusogeze: tairi, tyubu na rangi vyote viko karibu.

Na beringi iliyotolewa kwa kugongwa pete ya ndani imeshaumia hata kama unaiona nzima. Gololi zimebonyeza vishimo kwenye njia yake. Usiirudishe. Kama lengo lako ni kukagua tu, ikague ikiwa ndani ya habu: ingiza kidole kwenye pete ya ndani, izungushe polepole, sikiliza kwa kidole. Inapaswa kwenda laini, nzito kidogo kwa sababu ya grisi. Ikikwama kwama, au ikihisi punje, imekwisha.

Namba zilizoandikwa kwenye beringi zina maana gani?

Hii ni elimu ya dakika mbili itakayokuokoa miaka. Chukua 6301. Ile 6 ni aina: beringi ya gololi ya kawaida. Ile 3 ni unene wa mwili wake; ya 3 ni nene kuliko ya 2. Tarakimu mbili za mwisho ni tundu la ekseli: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa 5, kwa hiyo 04 ni 20. Basi 6301 ina tundu la milimita 12, upana wa nje 37, unene 12. Ya 6201 ina tundu lile lile la 12, lakini nje ni 32 na unene ni 10. Ya 6202 ni 15 kwa 35 kwa 11, na 6302 ni 15 kwa 42 kwa 13.

Herufi za mwisho nazo zinasema. ZZ ni vifuniko vya bati pande zote mbili, 2RS ni vya raba pande zote mbili. Bati huzuia vumbi kubwa, raba huzuia vumbi na maji. Kwa matope yetu ya Novemba hadi Aprili mimi nachagua 2RS bila kufikiri. C3 maana yake gololi zimeachiwa nafasi kubwa kidogo ndani; hii inafaa mahali penye joto, na kwenye gurudumu si lazima mtengenezaji asipoitaja.

Usimwambie muuzaji "nipe beringi ya Boxer". Mpe namba, tena iliyosomwa kwenye ile uliyoitoa, kwa kila upande peke yake. Pande mbili za habu moja zinaweza kuwa na namba tofauti, na mwenye pikipiki kabla yako huenda alifunga aliyoipata.

Nitaitambuaje beringi bandia?

Majina makubwa kama SKF, NSK, NTN na Koyo huigwa sana, na boksi zuri halithibitishi kitu. Angalia maandishi ya kwenye chuma: ya kweli ni membamba, yamenyooka, hayafutiki kwa kucha. Zungusha: isiwe na punje. Tikisa karibu na sikio: isilie kama njuga. Raba za 2RS zikae sawasawa pande zote. SKF wana programu ya simu ya kusaidia kukagua bidhaa yenye jina lao, na ni ya bure. Bei ikiwa chini mno kuliko maduka yote ya jirani, bei yenyewe imeshakujibu. Mimi ningependelea beringi ya jina nisilolijua ambayo haidanganyi kuliko jina kubwa lililobandikwa jana.

Mpya naiingizaje bila kuiua siku hiyo hiyo?

Hapa ndipo nyundo inapoua. Kanuni ni moja: unapoingiza, nguvu ipite kwenye pete ya nje tu. Ukigonga pete ya ndani, au katikati kwa tindo, kila pigo linapitia kwenye gololi na kuchimba vishimo usivyoviona. Utafunga, utafurahi, na mngurumo utaanza wiki ya tatu.

Tafuta soketi ambayo ukingo wake ni mdogo kidogo kuliko upana wa beringi: kwa beringi ya 37, soketi yenye nje ya 35 au 36 inakaa vizuri. Kama huna, tumia beringi ya zamani ya namba ile ile, uiweke juu ya mpya, ugonge kwa kuizunguka. Isage kidogo ukingo wake wa nje kwanza, isije ikang'ang'ania ndani.

Ujanja wa Kigoma ni huu. Beringi mpya ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza unyevu, mpelekee mama anayeuza samaki wa kugandishwa, umwombe kwa adabu ailaze kwenye friza usiku mmoja. Mama wa jirani yangu alinicheka sana mara ya kwanza, "mwanangu, na hii nayo ni migebuka?" Siku hizi ananiwekea kona yake. Asubuhi mwagia habu maji ya moto, ikaushe upesi, toa beringi kwenye mfuko, iweke. Baridi imeinyausha, joto limetanua tundu. Mara nyingine inaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, na nyundo inabaki ya kuthibitisha tu.

Anza na upande ambao beringi inakalia ukingo thabiti wa habu. Kitabu cha pikipiki yako kinautaja. Gonga mpaka mlio ubadilike kutoka "tu tu" kuwa "ting", ndipo imefika chini. Geuza, ingiza spesa uliyoipaka grisi kidogo, kisha ingiza ya pili mpaka pete yake ya ndani iguse spesa. Iguse tu, isibanwe. Upande wenye namba uelekee nje, utakuja kunishukuru. Mwisho bandika sili mpya, midomo yake umeipaka grisi.

Spesa ikipotea nifanyeje? Si kibomba tu?

Kibomba tu? Ngoja nikusimulie.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufungua fungua, niliosha vipande vyangu vya gurudumu la nyuma jioni, giza likaingia, nikafunga bila spesa. Ilikuwa imeviringika chini ya pipa la maji. Nilipokaza nati, gurudumu likawa gumu kuzunguka. Badala ya kujiuliza kwa nini, nililegeza nati mpaka likazunguka, nikajiona mjanja. Siku ya nne nilikuwa natoka Kalinzi na mikungu ya ndizi, karibu na kufika Mwandiga nyuma ikaanza kucheza ngoma. Beringi ya upande wa sproketi ilikuwa imemwaga gololi zote ndani ya habu. Nilisukuma pikipiki huku ndizi zikipanda gari la mtu mwingine.

Kilichotokea ni hiki. Unapokaza nati ya ekseli, mkazo unapita kwenye bushi ya pembeni, unaingia pete ya ndani ya beringi ya kwanza, unapita spesa, unafika pete ya ndani ya pili, unatokea upande wa pili. Vyote vinakuwa nguzo moja isiyozunguka, na gurudumu linazunguka juu ya gololi. Spesa isipokuwepo, au ikiwa fupi, pete mbili za ndani zinavutwa kuelekeana na gololi zinabanwa ubavuni. Beringi hizi zimeumbwa kubeba uzito wa kutoka juu kwenda chini. Kubanwa ubavu hivyo hazidumu.

Kwa hiyo spesa ikipotea, tafuta ya pikipiki yako, au mpelekee fundi wa mashine ya kuchonga kipimo cha kweli. Ikiwa ncha zake zimepondeka kwa nyundo za zamani, imeshafupika. Usiisage iwe nzuri, utaizidisha ufupi. Na gurudumu likiwa gumu baada ya kukaza nati sawasawa, usilegeze nati. Fungua upya.

Fundi wangu ni mzee wa heshima, lakini anapiga katikati kwa tindo. Nimkatalieje?

Anza na shikamoo. Kisha shika ile beringi ya zamani mkononi, useme: "Mzee, naomba leo tuipigie hii juu yake, nitaishikilia mimi." Hujamfundisha kazi, umejitolea kuwa msaidizi. Mimi nimeitumia kwa watu wawili na wote sasa wanafanya hivyo kama jambo walilozaliwa nalo.

Grisi gani, na nipake kiasi gani?

Grisi ya lithiamu namba 2 inatosha kwa magurudumu, na kwenye upande wa dramu ni vizuri ukipata inayostahimili joto. Kiasi ni theluthi moja ya nafasi iliyo wazi ndani ya beringi. Wengi hapa hushindilia mpaka itoke puani, wakidhani ni hisani. Grisi iliyojaa hukorogwa, hukoroga joto, huyeyuka na kutafuta njia, na njia yake ni kwenye breki shuu. Breki shuu iliyolowa grisi haisafishiki kwa uhakika; badilisha.

Usichanganye grisi usizozijua. Zimetengenezwa kwa viungo tofauti, na baadhi zikikutana hulegea na kuachana kama maziwa yaliyokatika. Futa ya zamani yote kwanza. Osha kwa mafuta ya taa, si petroli, mbali na jiko. Ikauke yenyewe au kwa tambara. Usiikaushe kwa upepo wa kompresa ukiiacha izunguke kama feni: kavu bila grisi inajikwaruza, na inaweza kupasuka usoni kwako.

Mawese? Ndiyo, nimeulizwa, tena na mtu mzima wa Ujiji. Mawese ni ya kupikia dagaa. Kwenye chuma huchacha, huwa gundi, na hayavumilii joto. Oili chafu ya injini nayo ina unga wa chuma ndani yake, iache.

Kuna anayenitajia Liemba kila nikisema grisi haizuii maji milele. Ni kweli, mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha wenyewe meli ile, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nyingi kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ziwani. Lakini mitambo ile ilikuwa imelala. Beringi yako inazunguka kutwa nzima, inaisukuma grisi pembeni na kuyakaribisha maji.

Beringi ya 2RS nayo niifungue kuitia grisi?

Mpya, hapana. Imetoka kiwandani na grisi yake. Ikiwa imetumika na bado ni laini, unaweza kuinua raba ya upande wa nje kwa ncha ya wembe, ukianzia ukingo wa ndani, usiipinde. Grisi ikiwa safi, ongeza kidogo ufunike. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Ikiwa nyekundu, badilisha bila mjadala.

Naosha pikipiki Kibirizi, ziwani kabisa. Kuna ubaya?

Ubaya upo kwenye dakika unayoiingiza majini. Umetoka safari ndefu, habu ina joto, hewa ndani yake imetanuka. Unaitumbukiza mpaka katikati ya gurudumu, inapoa ghafla, hewa inanywea, na sili zinanyonya maji. Unaondoka pikipiki inang'aa nje na supu ndani. Mashine za kuoshea kwa presha ni hivyo hivyo zikielekezwa moja kwa moja kwenye habu.

Iache ipoe nusu saa. Chota maji kwa ndoo, mwaga kutoka juu. Siyo kwamba nazuia watu ziwa lao.

Beringi mpya inaingia kwa mkono bila kugongwa, tena inacheza ndani ya habu.

Kiti kimeliwa. Pete ya nje ilikuwa inazunguka ndani ya aluminiamu, mara nyingi kwa sababu mtu aliendelea kuendesha beringi iliyokwama. Hapo utaona mafundi wakikata kopo la soda na kuzungushia bati lake, au kuchoma vidoti kwa ncha ya chuma ili kiti kiinuke. Vitakufikisha nyumbani. Havikai, na beringi haikai katikati. Kama nafasi ni ndogo mno, ile gundi maalumu ya kushikia beringi inasaidia ukisafisha mafuta yote kwanza. Kama unaiona kwa macho, mpelekee fundi wa mashine achonge kiti na kuvisha bushi, au nunua habu.

Beringi ilivunjika, pete ya nje imebaki ndani. Sina pa kugongea.

Mpelekee fundi wa kuchomelea. Akipitisha mstari mmoja wa weldi ndani ya pete hiyo, bila kugusa habu, ikipoa itanywea na kutoka kwa kidole. Tyubu na tairi vitolewe kwanza. Waya wa ardhi aufunge kwenye hiyo pete au kwenye habu karibu nayo.

Imevunjikia njiani, nina abiria. Naweza kujikongoja?

Abiria ashuke, umrudishie nauli yake. Ukiendelea, ekseli inaliwa, habu inaliwa, na gurudumu likikwama ghafla hakuna breki wala ujuzi utakaokusaidia. Sukuma, au ipakie.

Nimeshafunga. Nikague nini kabla ya kurudi kijiweni?

Gurudumu lizunguke bila kukwama, breki isiguse, kusiwe na mchezo juu na chini. Alama za kukazia cheni ziwe sawa pande zote mbili. Cheni ilegee milimita 20 hadi 30 kwenye pikipiki nyingi ndogo, ukipima katikati, na upime ukiwa umezungusha gurudumu kidogo kidogo kwa sababu cheni haichakai sawa. Cheni iliyokazwa kama waya wa gitaa inavuta beringi ya upande wa sproketi mchana kutwa, na mishikaki ya abiria ikikaa juu inakazika zaidi. Kotapini iwe mpya. Zunguka mtaani taratibu, gusa habu, kisha kesho yake hakikisha nati tena.

Nikague kila baada ya muda gani?

Kila unapofungua gurudumu kwa sababu yoyote: pancha, breki shuu, tairi. Kidole ndani ya pete ya ndani, sekunde kumi. Nje ya hapo, kila kilometa 5,000, na mara moja zaidi masika yakiisha. Anayepiga kilometa 100 kwa siku anafika 5,000 chini ya miezi miwili, kwa hiyo usiseme "bado mpya" kwa kuangalia kadi ya usajili. Ukibadilisha moja, badilisha na mwenzake wa habu ile ile.

Hizi za zamani nizitupe?

Moja ya kila namba ibaki kwenye boksi lako la spana kwa ajili ya kugongea mpya. Nyingine zioshe grisi, waachie watoto wa mtaa. Za kwangu zimeshakuwa magurudumu ya toroli mbili za mbao, na jioni zinashuka mteremko wa hapa Gungu kwa kelele ambayo hakuna bisibisi inayohitajika kuisikia.